Tumbo, Moyo na Miwani

Wahenga wetu hawakuwa na darubini wala vyumba vya kupimia damu, lakini ndani ya lugha zao waliweka akiba ya maarifa ambayo wataalamu wa leo wanaifungua polepole. Mswahili akishikwa na wasiwasi husemwa kwamba yu tumbo joto. Wasomali, ambao ndio wengi katika mji wa Masalani na nchi yote ya Ijara, huuita ushupavu calooladayg, maana yake ugumu wa tumbo. Na huzuni ya ndani huiita caloolxumo, maana yake ubaya wa tumbo. Lugha hizi mbili hazikuzaliwa na mama mmoja, walakini zimekutana juu ya jambo hili, kwamba yanayompata mtu moyoni humshukia tumboni. Insha hii yakusudia kueleza jinsi elimu ya utabibu ilivyolitambua jambo hilo, ikalitumia vibaya, ikajirudi, na mwisho ikafika mahali pa kuwavika wagonjwa wa tumbo miwani yenye kuwaonyesha dunia isiyokuwapo.

Masalani ni mji mkuu wa Ijara, katika Kaunti ya Garissa, nao umejengwa karibu na Mto Tana. Wenyeji wake wengi ni wafugaji. Wengine ni wakulima wa ukingo wa mto, wachuuzi, watumishi wa serikali na wanafunzi. Katika mji wa namna hii, kama katika mji wowote wa Afrika ya Mashariki, tumbo humtaabisha mtu kwa sababu nyingi. Liko tumbo la maji machafu, liko tumbo la minyoo, liko tumbo la amiba na la homa ya matumbo. Na yote hayo yana dawa zake zinazojulikana. Lakini liko tumbo jingine lenye kuwashangaza matabibu. Mgonjwa wake huungua chini ya kidari, hushiba kwa matonge mawili, hujaa upepo, leo hufunga choo na kesho huharisha, na hali hiyo humwandama kwa miezi na miaka. Hupimwa damu, hupimwa choo, hata huingizwa mpira mwembamba wenye kamera mpaka ndani ya mfuko wa chakula, na kidonda hakionekani. Mwisho huambiwa, "Huna kitu."

Maneno hayo mawili husemwa ili kumtuliza mgonjwa, lakini mara nyingi humwongezea mzigo. Yeye anajua kwamba anaumwa, na sasa anaonekana mwongo mbele ya jamaa zake waliouza mbuzi ili apate nauli ya kwenda hospitali. Je, mtu aweza kuumwa kweli pasipo kuwa na kidonda? Hilo ndilo swali letu, na jibu lake limetafutwa kwa muda wa miaka 200.

Kisa chenyewe chaanzia mbali. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, kaskazini mwa Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ndani ya duka la biashara ya ngozi. Marisau yalimpiga ubavuni kijana mmoja mchukuzi, Mkanada, jina lake Alexis St. Martin, aliyekuwa amesimama karibu sana na mdomo wa bunduki. Tabibu wa jeshi, William Beaumont, aliitwa upesi, naye hakutumaini kwamba kijana yule ataishi. Walakini St. Martin hakufa. Jeraha lake lilipona kwa namna ya ajabu: ngozi ya nje na ngozi ya mfuko wa chakula zilishikamana, pakabaki tundu lisiloziba. Kwa tundu lile Beaumont aliweza kuchungulia ndani ya tumbo la mtu aliye hai.

Tangu mwaka wa 1825 Beaumont alifunga vipande vya nyama na mkate kwa uzi wa hariri, akavitia tunduni, akavitoa baada ya saa kadhaa ili aone vilivyoyeyuka. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1833 alieleza majaribio zaidi ya 200. Kwayo alithibitisha kwamba chakula huyeyushwa na maji makali yatokayo katika kuta za tumbo. Lakini aliona na jambo jingine ambalo hakulitafuta: St. Martin alipokasirika au kufadhaika, tumbo lake lilibadilika, na kazi ya kuyeyusha chakula iliharibika. Hasira haikuwa na meno wala sumu, tena haikumezwa, walakini ilionekana kwa macho ndani ya tumbo.

Yafaa msomaji asipite hapa bila kufikiri juu ya mwenye tundu. St. Martin alikuwa maskini, hakujua kusoma, naye alifungwa kwa mkataba na malipo haba ili tumbo lake lichunguzwe. Zaidi ya mara moja alirudi kwao Kanada, na Beaumont akahangaika kumpata tena. Alipokufa mwaka wa 1880, jamaa zake walikataa kuwapa matabibu mwili wake. Waliuzika katika kaburi la kina kirefu ili asije mtu akaufukua. Maarifa mengi tunayoyasoma kwa utulivu darasani yalilipiwa na watu ambao hawakuulizwa vizuri kama walikubali. Tutalikumbuka jambo hili tutakapofika kwenye vyombo vipya.

Baada ya Beaumont, watu wawili waliiendeleza kazi hiyo kwa majaribio yaliyopangwa. Wa kwanza ni Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa uchunguzi wake juu ya kazi ya tumbo. Pavlov aliwapasua mbwa shingoni kwa ustadi, hata chakula walichokitafuna kikaanguka nje wala kisifike tumboni. Na bado maji ya tumbo yalitiririka. Hata kukiona chakula tu kulitosha kuyatoa. Maana yake ni kwamba tumbo halingoji chakula kifike ili lianze kazi. Hupokea amri kutoka juu, kwenye ubongo.

Wa pili ni Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wilhelm Röntgen alikuwa amegundua miale ya eksirei mwaka wa 1895, na muda mfupi baadaye Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa utabibu, aliitumia kutazama matumbo ya paka yakisaga chakula. Aliyaona yakijikunja na kujinyosha kama mawimbi. Lakini paka alipoogopa au kukasirika, mawimbi yale yalisimama ghafula. Na alipopapaswa akatulia, yalianza tena. Mwanafunzi aliyewahi kukimbilia choo asubuhi ya mtihani, au aliyeshindwa kumeza uji kwa hofu, amelifanya jaribio la Cannon katika mwili wake mwenyewe.

Leo twajua njia zinazotumiwa na ubongo na tumbo katika kupelekeana habari. Ndani ya kuta za matumbo mna mtandao wa chembe za fahamu zaidi ya milioni 100, hata wataalamu wengine wakauita ubongo wa pili. Mtandao huo waweza kuendesha kazi ya kusaga chakula peke yake, lakini umeunganishwa na ubongo wa kichwani kwa mshipa mrefu wa fahamu upitao shingoni na kifuani. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya nyuzi za mshipa huo hazichukui amri kutoka kichwani kwenda tumboni; huchukua habari kutoka tumboni kwenda kichwani. Kwa watu wengi habari hizo ni mnong'ono tu, nao hawausikii. Kwa wengine, baada ya kuharisha vikali, au baada ya msiba na dhiki ya muda mrefu, na mara nyingine pasipo sababu inayojulikana, mnong'ono hugeuka kelele. Upepo wa kawaida ukipita tumboni, ubongo huuhesabu kuwa ni kisu. Basi mgonjwa huyo hasemi uongo. Chombo chake hakina jeraha, lakini habari zinazotoka kwenye chombo hicho zimepazwa sauti, kama redio iliyofunguliwa kupita kiasi.

Kama historia ingekomea hapo, ingekuwa rahisi kusema kwamba kila tumbo lisiloeleweka lina asili yake moyoni. Matabibu wengi walisema hivyo, wakakosea kosa kubwa. Katika miaka ya 1950 na baadaye, wenye vidonda vya tumbo waliambiwa kwamba ugonjwa wao watoka katika fikira nyingi na maji makali. Wakapewa maziwa, wakashauriwa wapumzike, na wengi walipasuliwa. Mnamo mwaka wa 1979, katika mji wa Perth, Australia, mtaalamu Robin Warren aliona vijidudu vilivyopinda katika vipande vya nyama ya tumbo alivyovitazama kwa darubini. Akashirikiana na kijana tabibu, Barry Marshall, na mwaka wa 1982 wakafaulu kuviotesha vijidudu hivyo. Wengi hawakuwasadiki, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika maji makali kama yale. Mwaka wa 1984 Marshall alikunywa vijidudu hivyo yeye mwenyewe, akashikwa na uvimbe wa ndani ya tumbo. Mwaka wa 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Vijidudu hivyo huitwa Helikobakta pilori, navyo vimeenea sana katika Afrika ya Mashariki. Mtu mwenye kidonda kilicholetwa navyo huponywa kwa dawa za kuua vijidudu. Hawezi kuponywa kwa kuambiwa aache mawazo.

Afrika ya Mashariki nayo iliingia katika historia hii ya tumbo kwa mlango wa chakula. Tabibu mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka wa 1946, akafanya kazi Lira na kisha katika Hospitali ya Mulago, Kampala, hata mwaka wa 1966. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa muda mrefu, waliona kwamba maradhi kadhaa ya matumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa haba mno kwa wanavijiji wa huku. Walieleza kwamba sababu moja ni chakula chenye makapi na nyuzinyuzi, ambacho hupita upesi tumboni na kutoa choo kingi na laini. Si kila neno la Burkitt lililosimama mbele ya uchunguzi wa baadaye, lakini funzo lake kuu limebaki: kabla ya kulilaumu tumbo, tazama sahani.

Basi matabibu walikuwa wamejifunza mambo matatu: hofu hugeuza kazi ya tumbo, vijidudu hulijeruhi, na chakula huliongoza. Lakini yule mgonjwa wetu asiye na kidonda wala kijidudu, na ambaye sahani yake haina kosa, bado alikuwa akingoja. Ndipo mwaka wa 1984 tabibu Peter Whorwell na wenzake wa Manchester, Uingereza, walipotoa habari za wagonjwa 30 wenye utumbo mwepesi wa kushtuka, ambao dawa za kawaida hazikuwafaa. Baadhi yao walitibiwa kwa hipnosi, yaani walilazwa katika utulivu mkubwa kwa maneno ya upole, kisha wakafundishwa kuliona tumbo lao moyoni kama mto unaotiririka taratibu. Waliotibiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Tangu hapo tiba hiyo imefanyiwa majaribio mengi, nayo imekubaliwa katika hospitali za nchi kadhaa. Upungufu wake ni huu, kwamba yataka mtaalamu aliyefundishwa kwa muda mrefu, na mgonjwa mmoja hutumia saa zake nyingi. Wataalamu wa namna hiyo ni haba hata katika nchi tajiri.

Hapo ndipo miwani inapoingia, nayo ina historia yake. Mwaka wa 1962 Mmarekani Morton Heilig alipata hati ya kulinda ubunifu wake wa sanduku lililomwonyesha mtu picha, likamsikizisha sauti, likampulizia upepo na harufu, ili ajione kana kwamba amepanda pikipiki mjini. Mwaka wa 1968 Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani kilichoendeshwa na kompyuta. Na kwa uzito wake kililazimika kuning'inizwa darini. Vyombo hivyo viliendelea kupungua uzito na bei, hata vikawa miwani mikubwa ambayo mtu huifunga usoni. Mvaaji akigeuza kichwa kulia, dunia aionayo hugeuka pamoja naye. Akiinua macho, huona mbingu. Jambo hili kwa Kiswahili cha sasa huitwa uhalisia pepe: ni pepe kwa sababu halipo, ni uhalisia kwa sababu macho na masikio hulisadiki.

Wa kwanza kufaidika kwa maumivu hawakuwa wagonjwa wa tumbo, bali watu walioungua moto. Katika mji wa Seattle, Marekani, mnamo mwaka wa 1996, mtaalamu wa elimu ya nafsi Hunter Hoffman na mwenzake David Patterson walianza kuwavika miwani hiyo wagonjwa waliokuwa wakisafishwa vidonda vya moto, kazi yenye uchungu mkali mno. Baadaye ilitengenezwa kwa ajili yao dunia ya theluji na barafu, ambamo mgonjwa hupita bondeni akirusha mipira ya theluji. Wagonjwa walisema kwamba uchungu ulipungua wakati wa kuvaa miwani, na vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba sehemu zinazopokea uchungu zilipunguza kazi yake. Sababu yake yafahamika. Akili ya mtu ni kama mlango mwembamba. Umati wa mambo mazuri ukipita kwa pamoja, uchungu hukosa nafasi ya kuingia wote.

Kutoka kwenye vidonda vya moto miwani ilifika tumboni kupitia kwa tabibu wa matumbo, Brennan Spiegel, wa hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles. Yeye na wenzake walitoa mwaka wa 2019 matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 120 waliolazwa wakiwa na maumivu ya namna mbalimbali. Nusu yao hivi walipewa miwani, na wengine walipewa televisheni yenye vipindi vya afya na utulivu. Waliovaa miwani walipata nafuu zaidi ya maumivu. Mwaka wa 2021 serikali ya Marekani, kwa idara yake ya dawa na vyakula, iliruhusu miwani ya namna hii itumike kutibu maumivu ya kudumu ya mgongo. Na mwaka wa 2023 matabibu wa Mayo Clinic, jimbo la Florida, walitoa matokeo ya jaribio dogo kwa wagonjwa 37 wa tumbo lile tulilolieleza mwanzoni, lenye kuungua na kushiba upesi pasipo kidonda. Waliitumia miwani nyumbani kwao kwa majuma mawili. Wengine walitazama dunia kamili yenye mafunzo ya kupumua na kutulia. Wengine walivaa miwani ileile lakini wakaona picha bapa za kawaida. Dunia ya miwani iliwaletea wagonjwa nafuu ya dalili, na madhara yaliyoonekana hayakuwa makubwa, kama vile kuumwa kichwa na kizunguzungu.

Mwanafunzi mwenye busara atauliza: je, watu 37 kwa majuma mawili watosha kuwa ushahidi? Hawatoshi, nao wenyewe waliofanya jaribio hawakudai kwamba watosha. Jaribio kama hilo ni sawa na kuchovya mguu mtoni ili kupima maji kabla ya kuvuka. Halimfikishi mtu ng'ambo. Hatujaonyeshwa bado kwamba nafuu hudumu mwaka mzima, wala kwamba miwani yashinda maneno ya mtaalamu mwema. Zaidi ya hayo, mgonjwa ye yote aliyeangaliwa kwa upole na kuamini tiba yake huweza kupata nafuu kidogo, hata kama tiba yenyewe ni maji matupu. Ndiyo maana wale wa Florida wakawavika miwani hata wale ambao hawakupewa dunia kamili. Kipimo cha haki chataka mshindani wa haki.

Majaribio haya yote yalifanyika ng'ambo. Je, yana maana gani kwa Masalani? Wako watakaocheka na kusema kwamba mji ambao barabara zake hukatwa na mafuriko, kama zilivyokatwa barabara nyingi za Garissa mwishoni mwa mwaka wa 2023, hauna haja ya miwani ya ajabu. Lakini nchi hii ya kaskazini mashariki imewahi kuifunza dunia jambo la utabibu, na funzo lenyewe lahusu shauri letu.

Mwaka wa 1969 mwanamke wa Kiitalia, Annalena Tonelli, alikuja Kenya, akaenda Wajir kuwa mwalimu wa shule. Huko aliona wafugaji wakifa kwa kifua kikuu. Dawa ilikuwapo, lakini ilitaka kunywewa kwa muda mrefu pasipo kukatizwa, na mfugaji hufuata mvua na malisho. Mgonjwa alipopata nafuu kidogo, aliondoka na ng'ombe wake, na ugonjwa ukamrudia kwa ukali zaidi. Watu walisema kwamba wahamaji hawatibiki. Mwaka wa 1976 Tonelli alianzisha mahali ambapo mgonjwa alisimika nyumba yake mwenyewe ya kuhama, akaishi humo na jamaa yake, akameza dawa kila siku mbele ya mhudumu, huku akisoma. Na baada ya miezi 6 hivi akaenda zake akiwa mzima. Njia hiyo ya kumsimamia mgonjwa hata amalize dawa ilikuja kuenezwa duniani kote na Shirika la Afya Duniani. Tonelli, aliyeuawa huko Borama mwaka wa 2003, hakugundua dawa mpya hata moja. Aligundua namna ya kuifanya dawa ikubaliane na maisha ya mtu anayeinywa.

Basi miwani nayo haina budi kupimwa kwa kipimo hicho. Dunia zilizotiwa ndani ya miwani ya Marekani ni misitu ya misonobari, fukwe za bahari na theluji. Na sauti inayomwongoza mgonjwa yasema Kiingereza. Kwa mtu wa Ijara theluji si utulivu, ni kioja. Yamkini utulivu wake ni jioni ya mvua za kwanza, majani yameota, ng'ombe wanarudi zizini wameshiba, na maji ya Tana yanapita kimya chini ya miti mikubwa. Yamkini ni kuwaona swala waitwao hirola, ambao wamebaki wachache mno duniani, wakilisha katika hifadhi ya Ishaqbini iliyo jirani na Masalani. Na sauti ya kumtuliza yafaa iwe ya Kisomali, au ya Kipokomo, au ya Kiswahili, isemayo kwa heshima kama mzee asemavyo na mwanawe. Wala kazi hiyo haitaletwa na meli kutoka ng'ambo. Itafanywa na vijana wa huku watakaojifunza utabibu, kompyuta na lugha kwa pamoja. Nao watakapowapima wagonjwa wao, wamkumbuke Alexis St. Martin: wamweleze mgonjwa kila jambo, wamwombe ridhaa yake, na wakubali akikataa.

Tena iko taratibu ambayo historia imetufundisha, nayo haigeuzwi. Kwanza ni maji safi, choo safi na chakula chema, maana hakuna miwani iwezayo kumponya mtu anayekunywa kipindupindu. Pili ni kupimwa: vijidudu vitafutwe, minyoo itafutwe, kidonda kitafutwe. Anayekonda pasipo sababu, anayetapika damu, anayetoa choo cheusi kama lami, au anayeshindwa kumeza chakula, asiambiwe apunguze mawazo, bali apelekwe hospitali upesi, kwa kuwa saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazowaua watu wengi katika Kenya. Tatu, hayo yote yakiisha kufanywa na dalili zikabaki, ndipo tiba ya moyo na akili ipewe nafasi yake kwa heshima, iwe ya maneno, ya pumzi au ya miwani. Anayeanza na ya tatu hurudia kosa la wale waliowanywesha maziwa wenye vijidudu. Anayekomea kwenye ya pili hurudia kosa la wale wasemao, "Huna kitu."

Na kwa kuwa miwani bado haijatufikia, msomaji asidhani kwamba hana la kufanya. Kupumua polepole kwa dakika chache, kula pasipo haraka, kulala vya kutosha, kumweleza mtu mwaminifu yanayousumbua moyo: mambo haya hayauzwi, nayo hupitia njia ile ile ya fahamu ambayo miwani huitafuta. Kubwa kuliko yote ni kumsadiki anayeumwa. Katika miaka 200 tangu marisau yale ya Mackinac, matabibu wamechungulia tumbo kwa tundu, kwa miale, kwa darubini na kwa kamera. Na kila chombo kilionyesha kitu ambacho kile cha kabla yake hakikukiona. Kwa hiyo asipatikane mtu wa kudai kwamba jambo fulani halipo kwa sababu tu chombo alicho nacho leo hakilioni. Uchungu ni wa anayeupata, na mwanzo wa tiba yake ni kusikilizwa.